Daraja la Tano la Uingereza na Timu Zetu za Malindi

(Mhadhara uliotolewa Malindi mbele ya viongozi, makocha na wachezaji wa timu za mitaa)

Wazee wangu, viongozi wa timu, na nyinyi vijana mliokatisha mazoezi pale Alaskan mkaja na njumu mkononi, assalamu alaikum, na hamjambo nyote.

Niliombwa nizungumzie mpira wa Uingereza, na najua mlichotarajia. Kila mmoja humu ana Arsenal yake au Manchester yake, na kuna nyumba kule Shella na Barani ambamo wali wa jioni huliwa au hauliwi kulingana na matokeo. Hayo leo nayaweka kando. Nataka tushuke chini ya Ligi Kuu, chini ya Championship, chini ya League One na League Two, mpaka daraja la tano. Wenyewe wanaiita National League. Huko ndiko waliko wenzetu: timu za miji midogo, na mweka hazina ambaye usingizi wake ni wa mang'amung'amu.

Ligi hiyo ina timu 24, na kila timu hucheza mechi 46. Bingwa anapanda moja kwa moja. Wa pili hadi wa saba hugombea kwa mchujo nafasi moja iliyobaki, na nne za mwisho zinashuka. Ilianza mwaka 1979, na siku hizo kuwa bingwa hakukupandishi. Uliomba kura. Vilabu vya juu vilikaa kikao, vikaamua vikuchukue wewe au vimbakishe mwenzao aliyeshika mkia. Altrincham walitwaa ubingwa 1980, wakakosa kupanda kwa kura moja. Wakautwaa tena 1981, wakakataliwa tena. Naona mnacheka, vikao vya namna hiyo mnavijua. Hadi 1987 ndipo Scarborough wakapanda kwa pointi zao, bila kumbembeleza mtu.

Tangu hapo ngazi iko wazi, na waliopita humo mnawajua. Jamie Vardy mnayemkumbuka na Leicester, bingwa wa Uingereza 2016, miaka minne kabla ya hapo alikuwa akiichezea Fleetwood Town katika daraja hili hili la tano. Leicester walimnunua kwa pauni milioni 1. Luton Town nao walizama humo 2009 baada ya kukatwa pointi 30, wakakaa miaka mitano, na 2023 wakaingia Ligi Kuu.

Lakini sikuja kusifu walioruka. Nimekuja na timu mbili, na hizo ndizo ninazotaka mzitazame kwa makini.

Ya kwanza ni Rushden & Diamonds. Mwaka 1992 tajiri mmoja wa viatu, Max Griggs, mwenye kampuni ya kutengeneza Dr. Martens, aliunganisha timu mbili za miji jirani zikawa moja. Akajenga uwanja wa kupendeza, akalipa wachezaji wazuri. Kufikia 2001 wamepanda kutoka daraja la tano, na 2003 wakatwaa ubingwa wa daraja la nne. Kisha biashara ya viatu ikayumba. Mwaka 2005 tajiri akaikabidhi klabu kwa mashabiki, ambao hawakuwa wamezoea kulipa hata bili ya taa za uwanja ule. Mwaka uliofuata wakashuka. Mwaka 2011 ligi ikawatoa kwa sababu ya hali yao ya fedha, na klabu ikavunjwa. Uwanja nao baadaye ulibomolewa.

Griggs hakuwa mtu mbaya, tusimtete wala tusimseme. Aliwapenda. Shida ni kwamba kila kitu kilikuwa chake: alipokuwepo hapakuwa na haja ya mtu mwingine kujifunza kuendesha timu.

Hapa Malindi hatuhitaji kwenda mbali. Hoteli ikijaa wageni, timu inapata jezi na mipira. Ufuo ukipwaya kama ilivyokuwa wakati wa korona mwaka 2020, mfadhili naye hashiki simu. Na kuna yule mfadhili wa aina nyingine, mnayemjua zaidi: jezi zinakuja na sura yake kifuani, kombe linapewa jina lake, mshindi anaondoka na mbuzi. Uchaguzi ukishapita, mtamtafuta. Mimi sisemi msichukue jezi za mheshimiwa. Chukueni. Ila msimpe timu.

Ya pili ni Exeter City. Walishuka daraja la tano 2003, madeni yamewafika kooni, na mashabiki wakaichukua klabu kupitia chama chao. Kila mwanachama alitoa kidogo, kila mwezi. Januari 2005 Kombe la FA likawapeleka Old Trafford, wakatoka sare 0-0 na Manchester United mbele ya watu zaidi ya 67,000. Mechi ya marudiano walifungwa 2-0 nyumbani, na sidhani kuna aliyelia: viingilio na pesa za televisheni zilipunguza sehemu kubwa ya deni. Mnaweza kusema hiyo ni bahati. Sawa. Lakini bahati iliwakuta wapo, na hesabu zao ziko wazi. Mwaka 2008 wakapanda, na klabu hadi leo ni ya wanachama.

Sasa sikilizeni hili, hasa makocha. Exeter walimlea Ollie Watkins tangu mtoto. Walipomuuza Brentford 2017 waliandika kwenye mkataba kwamba akiuzwa tena, nao wana fungu. Aston Villa walipomnunua 2020, fungu likaingia. Na hata bila kifungu kama hicho, FIFA wana kanuni yao: mchezaji wa kulipwa akihama kwa ada kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa vilabu vilivyomlea tangu miaka 12 hadi 23. Vilabu vidogo vimo pia. Cha kuonyesha ni kwamba kijana alisajiliwa kwako, tarehe fulani hadi tarehe fulani.

Nani hapa anaweza kuonyesha? Nimeziona daftari za timu zetu. Jina moja tu, "Mudi", nambari ya jezi, na pembeni limeandikwa deni la soda. Mudi yupi? Kazaliwa lini? Alipohamia Mombasa aliondoka na barua gani? Kijana mmoja wa Muyeye amecheza timu tatu, na hakuna hata moja iliyoandika kwamba amewahi kuwa wake.

Kwetu ngazi iko pia: Ligi Kuu, National Super League, Division One, Division Two, halafu ligi za kaunti na za mitaa. Kinachotumaliza Pwani ni barabara. Ukipanda, ugenini kunasogea mbali. Ndugu zetu wa Lamu ndio wajuao: kabla hawajaanza kuhesabu nauli ya gari wamelipa mashua hadi Mokowe, kisha Witu, Garsen, ndipo wafike hapa kwetu, na mechi yenyewe labda iko Mombasa. Timu inashindwa kusafiri, wapinzani wanachukua pointi za mezani, na vijana wanatawanyika bila kufungwa na mtu.

Kwa hiyo fanyeni hesabu nami. Watu 300 wa mtaa mmoja, shilingi 100 kwa mwezi kila mmoja: ni 30,000. Hiyo haisajili nyota, lakini inakodi gari. Na aliyetoa mia yake atauliza imekwendaje, kwa hiyo hesabu isomwe hadharani kila mwezi, pale pale uwanjani, kabla ya mazoezi. Wapo viongozi ambao hawatalipenda hili. Nimewaona wawili wakikunja uso sasa hivi, nao wanajijua.

Kesho anzeni na daftari: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, nakala ya cheti, siku aliyojiunga, sahihi ya mzazi. Usajili wa shirikisho ufuate hapo.

Haya, maswali. Mzee wa Maweni, mkono wako uko juu tangu nilipomtaja mheshimiwa. Tuanze na wewe.