Jicho Mbele ya Mzinga
Mhadhara kwa vijana wanaojiandaa kwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), Dodoma

Mbukwenyi! Wakubwa wenzangu, shikamooni. Nanyi vijana mliomaliza kidato cha sita, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie kazi za mapigano na silaha za jeshi la kisasa. Nilipokuwa nimeketi pale nikisubiri kuitwa, nilimsikia kijana mmoja akimwuliza mwenzake: silaha gani inatisha kuliko zote? Nimeona nianzie hapo. Mimi nimestaafu nikiwa askari wa mizinga, lakini sehemu kubwa ya kazi yangu sikuwa karibu na mzinga. Nilikuwa kilomita kadhaa mbele yake, nimelala kifudifudi kilimani na darubini, ramani, dira na redio. Nilikuwa mwangalizi. Kwangu mimi, silaha ya kutisha ni ile yenye mtu anayeona, na anayeona anasikilizwa.

Tuanze na askari wa miguu, maana sisi wengine wote tupo kwa ajili yake. Ile bunduki ya SMG mtakayofundishwa kuifungua na kuifunga hushika risasi 30 kwenye magazini. Kasi yake ni kama risasi 600 kwa dakika. Pigeni hesabu: ukiishikilia tu, baada ya sekunde 3 umebaki na chuma. Na ukipita mita 300 au 400, kumpata mtu ni shida. Ndiyo maana katika seksheni, yaani kikundi kidogo cha askari, kuna mwenye bunduki rashasha, ambaye kazi yake kubwa ni kumfanya adui ainamishe kichwa ili wenzake wapate kusogea. Yupo pia mwenye RPG-7, roketi ya kurushwa begani, kwa ajili ya magari ya chuma. Kila mmoja anamfungulia mwenzake njia.

Vifaru nitavipitia haraka. Kifaru cha aina ya T-55 kina tani kama 36, mzinga wa milimita 100 na watu wanne ndani. Kwa nje kinatisha. Kwa ndani, wale wanne wanaona kidogo mno, na kikiingia mjini au kichakani bila askari wa miguu ubavuni, ni windo.

Wahandisi wa medani hawaimbwi sana, na hilo linaniuma. Novemba 1978, katika vita ya Kagera, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivunja daraja la Kyaka, juu ya Mto Kagera. Mto ule una maji mengi na unakwenda kasi. Hata uwe na vifaru mia, vitakaa ng'ambo vikitazama. Jeshi letu lilirudi upande wa pili kwa sababu kulikuwa na watu waliojua kutandika daraja la muda, na bila wao hakuna Mutukula, hakuna Masaka, hakuna kuiteka Kampala tarehe 11 Aprili 1979.

Sasa mizinga. Hapa nivumilieni.

Mzinga wa milimita 122, ule wa D-30, hutupa kombora kilomita 15 hivi. BM-21, mzinga wa kurusha roketi ambao kule Uganda waliuita Saba Saba, una mitutu 40 na humaliza yote kwa sekunde kama 20, umbali wa kilomita 20. Anayefyatua haoni shabaha. Anaona mbingu tu. Mwangalizi ndiye anayempa mahali kwa namba za ramani, na kombora la kwanza karibu kila mara hukosea. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kombora huenda mbali kuliko pwani. Jua likiwaka, baruti hupata joto, nayo huongeza mwendo. Upepo nao wa hapa mnaujua.

Basi unatazama vumbi lilipotua. Darubini ina mistari inayoligawa duara vipande 6000 au 6400, kutegemea nchi iliyoitengeneza. Kipande kimoja, kwa umbali wa kilomita moja, ni karibu mita moja. Umeona vumbi halijafika kwenye shabaha yako, mbuyu, na limekwenda kushoto yake vipande 50, nao mbuyu uko kilomita mbili: hiyo ni mita 100. Unasema redioni, “Kulia 100! Ongeza 200!” La pili likipita shabaha, unapunguza. Unaibana hivyo mpaka unaifikia.

Walionifundisha walipigana vita ya Kagera, na hawakuchoka kutusimulia mapigano ya Lukaya, ndani ya Uganda. Tarehe 10 Machi 1979, makombora ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin yaliwaangukia Brigedi ya 201 ya jeshi letu. Mengi yaliruka juu ya vichwa. Lakini wengi wa brigedi ile walikuwa wanamgambo, hawajazoea ngurumo ile, wakatawanyika. Wale Walibya walikuwa na silaha nzuri. Hawakujua waifanyie nini nafasi waliyoipata. Brigedi ya 208 ikaagizwa izunguke, ikatembea usiku, na tarehe 11 ikawapiga kutoka upande wa pili, huku ya 201 ikiwa imejipanga upya na kushambulia kutoka kusini. Fikirini ni maagizo mangapi yalipita usiku ule kati ya watu wasioonana.

Mtaniambia siku hizi kuna droni. Ni kweli, vita ya Ukraine imeonyesha kwamba kidude cha kubebwa mkononi kinaweza kufanya kazi yangu, tena bila kulala kifudifudi. Mawimbi yake yakivurugwa, hata hivyo, kinaanguka au kinapotea, na lazima abaki mtu mwenye ramani.

Kuna jambo moja sijasema. Kabla ya neno la kupiga, mwangalizi hutazama mara ya mwisho. Katika zoezi moja, mizinga ikiwa tayari, niliona mbuzi wanatoka korongoni, na nyuma yao mtoto na fimbo, hajui lolote. Nilisema redioni, “Simamisha! Simamisha!” Mkubwa wangu akauliza kwa nini. Nikamwambia kuna mtoto. Hakuuliza tena. Tulikaa kimya karibu dakika arobaini, mitutu yote imeelekezwa, mpaka mbuzi wa mwisho alipovuka kilima.