Wembe Upi? Siku za Mama na Watoto Wawili Wadogo

Kina mama, kina baba, walezi wenzangu, na ninyi mliokuja na watoto mapajani, asanteni kwa kufika. Mtoto akilia humu ndani, tafadhali asitolewe nje. Hatanisumbua. Habari tunayoizungumza ni yake.

Kuna methali tumeisikia sote: mtoto akililia wembe, mpe. Nilipokuwa msichana niliiona ya kikatili. Nani atampa mtoto wembe? Leo nina wawili, binti wa miaka minne na mdogo wake wa kiume mwenye mwaka mmoja na miezi minne, na methali ile inanijia kichwani kabla sijanawa uso. Huyu analilia kuvaa viatu mwenyewe. Yule analilia kutumbukiza mikono kwenye ndoo. Na kila mara napaswa kuamua papo hapo: huu ni wembe kweli, au nauona wembe kwa sababu nina haraka? Hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Nianzie mlangoni. Asubuhi moja tulikuwa tunatoka. Mfuko begani, mdogo nimembeba ubavuni, funguo nimeziuma kwa meno. Binti akaketi kizingitini, akashika kiatu. Nikainama nimvalishe, akauvuta mguu. "Mwenyewe!" Ulimi wa kiatu ulikuwa umejikunja ndani, vidole vikakwama. Akavua. Akaukunjua ulimi kwa kidole kimoja, taratibu, mdomo wazi. Akaingiza tena mguu, kisigino kikakataa. Akasimama, akapiga mguu chini mara tatu, kisigino kikaingia. Akafanya hivyohivyo cha pili. Ndipo nikaona kwamba cha kulia kiko mguu wa kushoto.

Mkono wangu ulikuwa umeshatoka kwenda kurekebisha. Nikaurudisha. Tukatembea hivyo, ncha za viatu zikiangalia huku na kule, hatua kama arobaini hivi, kisha akasimama. "Mama, miguu imegombana." Akaketi palepale chini, akavibadilisha mwenyewe. Nilikokuwa nakwenda nilifika nimechelewa, na walionisubiri walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini tangu siku hiyo jioni navipanga viatu vile mlangoni, kila kimoja upande wake, na asubuhi naamka mapema zaidi kidogo. Nataka niseme hili waziwazi, kwa sababu tunaambiwa "mwachie mtoto ajifanyie" kana kwamba kumwachia ni bure. Kumwachia kunakula muda, na muda huo lazima utoke mahali. Kwangu unatoka kwenye usingizi. Kama nyumbani kuna baba, shangazi au kaka mkubwa, utoke na kwao pia.

Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto, yaani shule ya wadogo, mjini Roma tarehe 6 Januari 1907, aliweka viti na meza za kimo cha watoto wenyewe, na akatengeneza fremu za mbao zenye vitambaa vya kufunga na kufungua: vifungo, kamba, ndoano. Mtoto anakaa na fremu yake, anafunga, anafungua, anafunga tena. Alijua kwamba vidole vinajifunza kwa kurudia, na kwamba vitarudia iwapo hakuna mtu mzima aliyesimama juu yao akihema kwa haraka. Mimi fremu sina. Nina kizingiti na jozi moja ya viatu, na vinatosha.

Sasa mdogo. Alisimama dede akiwa na miezi kumi, akaanza tete baada ya kutimiza mwaka, na tangu hapo nyumba yetu haijakauka vishindo. Mwanzoni kila alipoanguka nilikuwa naruka. Kisha nikakutana na utafiti wa Karen Adolph wa Chuo Kikuu cha New York na wenzake, uliotolewa mwaka 2012. Waliwatazama watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza kwa hiari yao, wakahesabu. Kwa wastani mtoto alipiga hatua 2,368 kwa saa moja, na akaanguka mara 17. Kwa saa moja tu! Jioni ile nilikaa sakafuni na mwanangu nikahesabu na mimi. Kutoka kitini hadi dirishani alianguka mara nne. Mara tatu hakuniangalia kabisa, aliinuka akaendelea na safari yake. Mara ya nne niliguna kwa hofu, akageuka, akanisoma usoni, ndipo akaanza kulia.

Nililiwaza sana jambo lile. Simaanishi kwamba kilio chake kilikuwa cha uongo. Hakuwa na uhakika kama ameumia, akaja kuniuliza mimi, na uso wangu ukamjibu kwamba ndiyo, ni balaa. Siku hizi akianguka nahesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, kabla sijasema neno. Akinyoosha mikono, namchukua mara moja. Asiponyoosha, namwacha aendelee.

Lakini nyembe za kweli zipo, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Betri bapa ndogo kama sarafu, zile za rimoti na vichezeo vya kuwaka taa, mtoto akimeza na ikanasa kooni inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili. Usingoje uone kama itatoka yenyewe, mkimbize hospitali. Maji ya kina cha sentimita chache chini ya ndoo yanatosha kumzamisha anayejifunza kusimama, kwa sababu kichwa chake ni kizito ukikilinganisha na mwili wake mdogo, na akitumbukia hana nguvu za kujiinua. Na mara nyingi hazami kwa kelele, anazama kimya. Kikombe cha kinywaji cha moto ukingoni mwa meza, dawa zilizoachwa kwenye mkoba, dirisha la ghorofani lisilo na kizuizi. Hivi havina mjadala. Alie atakavyo, mimi nasema hapana, na sirudi nyuma. Nimegundua kwamba nikiyatunzia "hapana" yangu mambo haya machache, ina uzito. Nikiitumia kwa kila kitu, kuanzia betri hadi tope, anaacha kuisikia.

Niwaambie kisa cha vikombe. Nilikuwa nimewapa wote wawili maji. Binti kikombe kifupi kipana, mdogo kile chembamba kirefu chenye mfuniko. Binti akatazama kimoja, akatazama kingine, machozi yakaanza. "Yeye mengi! Mimi kidogo!" Nikamweleza ni sawasawa. Akazidi. Nikachukua kikombe cha mdogo, nikamimina maji yake kwenye kikombe kifupi kingine kinachofanana na cha kwake, nikaviweka pamoja: sawa? Akafuta pua, akatazama, akakubali, sawa. Nikayarudisha kwenye kile kirefu mbele ya macho yake. Akalia upya. "Sasa yamekuwa mengi!"

Ningeweza kumwita mkaidi. Watu wengi wangemwita hivyo, na mama aliyechoka saa kumi na mbili jioni anaweza kusema mabaya zaidi. Ila jambo hili lina historia. Jean Piaget, msomi wa Uswisi aliyewachunguza wanawe mwenyewe watatu tangu uchanga, alionyesha kwamba mtoto wa umri wa binti yangu huhukumu kwa kimo. Maji yakipanda juu, kwake yameongezeka. Kwa kawaida ni kwenye miaka sita au saba ndipo anaposhika kwamba kubadili chombo hakubadili kiasi. Kwa hiyo binti yangu hakuwa akibishana nami. Aliniambia kweli alichokiona, na alichokiona kilikuwa dhuluma: mdogo wake kapewa zaidi, halafu mama anakana. Fikirini uchungu wa mtu aliye katika hali hiyo.

Siku hizi nyumbani kwetu vikombe vya watoto vinafanana. Ugomvi ule umekwisha. Hotuba zangu zote kuhusu usawa hazikufanya kilichofanywa na vikombe viwili vya aina moja.

Kuhusu kugaragara chini, mtoto kujitupa sakafuni na kupiga mateke, sitasema mengi. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuwezesha kujizuia, inaendelea kukomaa hadi mtu anapita miaka ishirini. Mtoto wa miaka miwili hana breki ile tunayomdai aikanyage. Nakaa karibu, nahakikisha hajipigizi penye ncha, nangoja. Wimbi likipita, nambeba. Wala simpi alichokuwa anakililia kama nilishakikataa.

Nije kwenye lugha, kwa sababu hapo ndipo ninapopata furaha ya bure kila siku. Binti yangu kwa miezi kadhaa akitaka niende alipo alikuwa anaita, "Mama, kuja!" Hapa nyumbani hakuna anayesema hivyo. Sote tunasema njoo. Kalitoa wapi? Ametulia akasikia: kukaa, kaa, kulala, lala, kucheza, cheza. Akachukua kuja, akaona ukiondoa ku- kinabaki kipande kifupi mno, akaiacha nzima kama tunavyofanya tunapoambiana kula au kunywa. Akakosea kwa sababu alikuwa na akili. Mwaka 1958 Jean Berko wa Marekani alitoa utafiti wake kuhusu hili. Aliwaonyesha watoto wadogo picha ya kiumbe cha kubuni, akakipa jina lisilokuwapo katika Kiingereza, akawauliza vikiwa viwili vitaitwaje. Watoto wengi wakatoa wingi sahihi wa neno ambalo hakuna mtu aliyewahi kulisema mbele yao. Kwa hiyo "kuja" ile sikuisahihisha. Nilikuwa namjibu, "Haya, nakuja. Na wewe njoo huku." Imeshapotea, na nakiri kwamba nimeikosa.

Nina jambo moja zito zaidi.

Miaka ya sabini Edward Tronick, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwaomba kina mama wacheze na watoto wao wachanga kama kawaida, kisha kwa dakika chache wakae wakiwatazama kwa uso mkavu, bila tabasamu, bila sauti. Watoto walijaribu kila njia kumrudisha mama: walitabasamu, walinyoosha mikono, walipiga kelele. Waliposhindwa waligeuza uso, wengine wakalia. Mama aliporudi kuwa mama, wakasuluhishana. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka simu yangu. Wiki hiyohiyo binti alikuwa ananionyesha mdudu mdogo mwekundu juu ya kiganja chake, nami nilikuwa nasoma ujumbe. Aliniita mara tatu. Nilipoinua macho kiganja kilikuwa kitupu, mdudu ameshaondoka, na mtoto amegeukia ukutani. Nilipiga magoti. Nikamwambia, "Mama hakukuangalia. Nisamehe. Tumtafute." Tukatafuta chini ya majani mpaka giza likaanza kuingia. Hatukumpata. Tuliona mwingine, wa kahawia, akasema huyu ni mjomba wake.

Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, alizungumzia mama wa kutosha, asiye na ukamilifu, ambaye mtoto huyazoea mapungufu yake kidogokidogo kadiri anavyokua. Maneno hayo yamenishika mkono usiku mwingi. Ila nayachukulia pamoja na yale magoti. Nikikosea, mimi ndiye wa kurudi.

La mwisho nililiona juzi tu. Binti alikuwa anabeba kikombe chake cha maji kwa mikono miwili kutoka jikoni, akinong'ona peke yake: "Polepole. Usimwage. Polepole." Hayo ni maneno yangu. Lev Vygotsky, msomi wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba mtoto anayejisemesha hivi anajiongoza, na kwamba baadaye maneno hayo huingia ndani na kuwa fikra zake za kimya. Nikasimama nyuma ya mlango kumsikiliza, moyo umejaa. Akafika, akaweka kikombe, hajamwaga hata tone. Kisha akamchukua mwanasesere wake, akamsimamisha, akaanza kumvalisha kiatu, na nikamsikia anamwambia kwa sauti kali, sauti ninayoijua, "Haraka! Haraka! Kila siku unatuchelewesha!"

Sikutoka nyuma ya mlango mara moja.

Kesho yake asubuhi nilikaa naye kizingitini. Nilivaa viatu vyangu polepole, yeye vyake, mdogo akijaribu kuvaa cha baba yake kichwani. Nilijisemesha kwa sauti ili anisikie: "Polepole. Tuna muda." Hatukuwa na muda mwingi kihivyo. Lakini akaanza kulirudia neno lile, akiuvuta ulimi wa kiatu, tuna muda, tuna muda, mpaka kisigino kikaingia.

Nimesema niliyokuwa nayo. Nangoja maswali yenu. Namwona mama pale nyuma, mwanao amelala begani. Anza wewe, kabla hajaamka.