Chenji Yangu Nipe Mkononi

Shikamooni wazee wangu. Vijana, poleni na jua la Magomeni.

Mabaka haya mnayaona: kuzunguka mdomo, kwenye kope zote mbili, na vidole hadi vifundoni. Ni mbalanga. Hospitalini wanaiita vitiligo. Kinga ya mwili, ile ile inayotulinda na maradhi, huzigeukia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi na kuziharibu. Kati ya watu 100 duniani, mmoja hivi anayo. Haiambukizi kwa kushikana mikono, kwa kikombe, wala kwa kulala kitanda kimoja.

Lakini hapa Dar watu hawaniulizi kama naumwa. Wananiuliza, "Dada, ulipaka mkorogo gani?" Michael Jackson naye alisemwa hivyo hivyo, kwamba anajichubua, mpaka mwaka 1993 akatamka kwenye televisheni kuwa ana maradhi ya ngozi. Na bado wengi hawakumwamini. Uchunguzi wa maiti yake mwaka 2009 ukathibitisha ni mbalanga. Inaniuma hadi leo.

Siku moja kwenye daladala la Mbagala nilimnyooshea konda noti ya elfu moja. Akautazama mkono wangu, akaivuta noti kwa ncha za kucha mbili, na chenji akaiweka juu ya kiti. Abiria kimya. Tangu siku hiyo nikawa navuta mtandio hadi puani, hata Desemba, joto likikuloanisha kabla hujafika kituoni.

Aliyenitoa humo ni mtoto wa dada yangu, miaka minne. Alinishika kidole akauliza, "Mama mdogo, umepaka nini?" Nikamjibu, "Sijapaka, rangi imetoka yenyewe. Haiumi." Akasema, "Aa," akaomba chapati. Jioni nzima nilikaa na ile "aa" yake. Swali nililolikimbia miaka yote lilikuwa limejibiwa, na mtoto ameshahamia kwenye chapati.

Wapo wanaowaambia "jipende tu." Mimi sikuweza kuanzia huko, nilianzia mdomoni. Nilitunga sentensi, nikaisema mbele ya kioo mpaka sauti ikaacha kutetemeka. Nikaja kumwambia konda mwingine: "Kaka, ni mbalanga, haiambukizi. Chenji yangu nipe mkononi." Akanipa. Wengine hawatakupa. Wala hudaiwi maelezo na kila anayekukodolea macho. Siku umechoka, nyamaza, shuka kituo chako.

Kuhusu jua: mabaka huungua upesi, kwa hiyo kofia na losheni ya kukinga jua. Anayetaka tiba amwone daktari wa ngozi. Dawa za kupaka na tiba ya mwanga huwarudishia baadhi yetu rangi.

Sasa, mwenye mbalanga, mwenye kovu la moto, mwenye alama ya kuzaliwa, mgeukie jirani yako umwambie sentensi yako. Iwe fupi, na isiombe radhi. Mkimaliza tunaanza kuwasikia safu ya nyuma.