Kilio Chenye Wimbo Katikati: Jinsi Amosi 5 Ilivyosukwa

Ndugu zangu, wenye Biblia naomba mfungue Amosi sura ya 5, na kidole kikae kwenye mstari wa 5. Msitafute Betheli, msiingie Gilgali, msipite kwenda Beer-sheba, maana Gilgali itakwenda uhamishoni na Betheli itakuwa si kitu. Majina ya mahali hapo pa kuhiji yanakwenda mpaka Beer-sheba, halafu yanarudi kwa njia ileile, kama mtu aliyetoka nyumbani kwenda kisimani. Na sikilizeni Kiebrania cha “Gilgali itakwenda uhamishoni”: *ha-Gilgal galo yigle*. Uhamisho unasikika ndani ya jina la mji wenyewe!

Amosi alikuwa mfugaji wa Tekoa, kusini mwa Bethlehemu, aliyetumwa kaskazini, kwenye ufalme wa Israeli, enzi za Mfalme Yeroboamu wa Pili, karne ya 8 kabla ya Kristo. Watu wake walipokea ujumbe kwa masikio. Hizi sura zetu zenye namba ni za karne ya 13 baada ya Kristo. Alama za kumwongoza msikilizaji ilibidi ziwe ndani ya maneno: neno linalorudi, sauti zinazoitikiana.

Mwaka 1977 mtaalamu Jan de Waard alionyesha kwamba mstari wa 1 hadi wa 17 umesukwa vilevile. Nje kuna kilio cha msiba, mwanzoni na mwishoni. Ndani yake, “nitafuteni nanyi mtaishi” ya mstari wa 4 inaitikiwa na “tafuteni mema” ya mstari wa 14. Ndani zaidi, wanaogeuza haki kuwa pakanga, ule mmea mchungu, katika mstari wa 7 tunawakuta tena kuanzia mstari wa 10, wakila rushwa na kuwasukuma maskini pale langoni, mahali pa baraza la mji. Kisha, katikati kabisa, mstari wa 8 na wa 9, unasimama wimbo mfupi wa sifa.

Wimbo huo umewasumbua wasomaji wengi. Ukiruka kutoka mstari wa 7 hadi wa 10, maneno yanaungana vizuri, na wengi wamesema wimbo umepachikwa tu. Mimi sishindani na mtu kuhusu ulitungwa lini. Ninachosema ni kwamba aliyeuweka hapo alijua anachofanya. Kitenzi ni *hafakh*, kugeuza. Katika mstari wa 7 wakubwa wanageuza haki kuwa pakanga, uchungu mtupu. Katika mstari wa 8, Yeye aliyeumba Kilimia, nyota ambazo jina lake la Kiswahili linatokana na kulima, anageuza giza kuu kuwa asubuhi. Kitenzi ni kilekile, na mikono inayogeuza ni tofauti. Ukiuondoa wimbo, umeondoa jibu. Hapo ndipo linapotajwa: Bwana ndilo jina lake.

Nawaomba tahadhari moja. Siku hizi wapo wanaoona muundo huu kila ukurasa, kwa sababu wanalinganisha vichwa vya habari walivyobuni wenyewe. Dai maneno ya Kiebrania. Kama hayarudi, usikubali.

Hapa yanarudi, hata mahali ambapo tafsiri zetu hupita haraka. Mstari wa 11 unataja mizabibu mizuri ambayo walioipanda hawatakunywa divai yake. Katika mstari wa 17 mizabibu ileile imejaa maombolezo, na tayari katika mstari wa 16 mkulima ameitwa kulia pamoja na wale wanaojua kuomboleza. Na kwa nini wanalia? Rudini kwenye kile kitenzi cha Beer-sheba, *avar*, kupita. Waliambiwa wasipite kwenda kuhiji huko. Sasa Mungu anasema: nitapita katikati yako. Ni kitenzi kilekile cha Kutoka 12:12, usiku ule alipopita katika nchi ya Misri. Na safari hii anaowapitia ni Israeli.