Betri "Iliyokufa" Bado Inaunguza

Wazazi wenzangu, hii niliyoishika huenda walioketi nyuma hamwioni. Ni betri ya duara, ile ya mizani, ya funguo za gari, ya kadi zinazoimba. Imeandikwa CR2032. Hiyo 20 ni upana, milimita 20. Hiyo 32 ni unene, milimita 3.2. Upana huo ndio balaa: unatosha kunasa kwenye umio wa mtoto.

Wengi hudhani hatari yake ni sumu inayovuja. Sivyo. Betri nzima, isiyo na ufa, huunguza vilevile. Ikinasa, mate hupitisha umeme kati ya pande zake mbili, na kwenye upande hasi hutokea alkali kali, jamii ya kostiki soda ya watengeneza sabuni. Saa 2 zinatosha kuleta jeraha baya, na kidonda huweza kuendelea kuchimba hata betri ikishatolewa.

Ndiyo maana neno "imekufa" hunikera. Betri iliyoshindwa kuwasha rimoti bado ina umeme wa kumuunguza mtoto. Na hiyo ndiyo tunayoiacha mezani! Izungushie selotepu pande zote, kisha uiweke asikofika.

Mtoto naye hasemi. Anatokwa na udende, anakohoa, anakataa kula, nasi tunasema mafua. Ukishuku, kimbia hospitali, tamka neno "betri", omba eksirei. Pichani hufanana na sarafu, ila ukingo wake huonyesha duara ndani ya duara. Usimtapishe, usimpe chakula wala maji. Asali tu, kama ipo karibu: kwa aliyetimiza mwaka mmoja, anayeweza kumeza, na hazijapita saa 12 tangu aimeze, vijiko viwili vya chai kila dakika 10, visizidi mara 6, mkiwa njiani. Msichelewe kwa kuitafuta.

Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022: kifuniko cha betri kifunguke kwa bisibisi au sarafu, ama kwa vitendo viwili kwa pamoja. Nawe kabla ya kununua kitu, kigeuze nyuma. Kikifunguka kwa ukucha, kirudishe.

Naona mkono pale. Puani? Ndiyo, mama, puani na sikioni ni vilevile. Usisubiri itoke yenyewe, wala usitie dawa ya matone. Umajimaji huo huongeza kuungua.