Joan wa Wales: Binti wa Mfalme, Mke wa Adui

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Leo tuko Gwynedd, kaskazini mwa Wales, mwaka 1211. Mfalme John wa Uingereza ameingia na jeshi, Bangor imechomwa moto, na Llywelyn, mtawala wa Gwynedd, kabanwa kila upande. Anamtuma nani akaombe amani?

BARAKA: Mkewe, Joan. Na huyo John ndiye baba mzazi wa Joan!

ZUHURA: Binti aliyezaliwa nje ya ndoa, akaozwa kwa Llywelyn mwaka 1205. Basi akaenda kumkabili baba yake.

BARAKA: Masharti yakawa machungu, dada Zuhura. Ardhi yote ya mashariki ya mto Conwy ikachukuliwa, ng'ombe wakatolewa, na mateka pia, akiwemo Gruffydd, mtoto wa Llywelyn kwa mwanamke mwingine.

ZUHURA: Machungu kweli, ila Llywelyn alibaki mtawala. Mwaka uliofuata Joan akamwandikia baba yake kumwonya kwamba anasalitiwa. Mwanamke mmoja, anasikilizwa kambi zote mbili! Hilo ndilo linalonifanya nimheshimu.

BARAKA: Halafu 1226 Papa Honorius III akamhalalisha Joan, yaani akamtangaza kuwa mtoto halali.

ZUHURA: Hapo usipite haraka. Kwa desturi ya Wales, Gruffydd naye alikuwa na haki ya urithi. Llywelyn alitaka vyote viende kwa Dafydd, mtoto aliyezaa na Joan. Kumsafisha mama ilikuwa kumjengea mwana kiti.

BARAKA: Sasa tufike 1230. William de Braose, bwana mkubwa wa mpakani, alikuwa ametekwa na Llywelyn, akajikomboa, wakakubaliana binti yake Isabella aolewe na Dafydd. Pasaka anarudi kama mgeni, anakutwa na Joan chumbani mwa Llywelyn.

ZUHURA: Akanyongwa hadharani mwezi Mei. Barua ya abate mmoja, mkuu wa nyumba ya watawa, wa wakati ule inataja watazamaji zaidi ya 800. Joan akafungwa.

BARAKA: Na kinachonishangaza mimi ni barua ya Llywelyn kwa mjane wa marehemu: je, ile ndoa ya watoto wetu bado ipo?

ZUHURA: Na ikafungwa kweli! Joan naye, baada ya mwaka hivi, akarudishwa kwa mumewe. Mwaka 1232 yuko Shrewsbury, anazungumza na Mfalme Henry III, mdogo wake kwa baba.

BARAKA: Wengi husema Llywelyn alisamehe kwa mapenzi. Mimi naona alimhitaji. Nani mwingine angemwita mfalme wa Uingereza ndugu?

ZUHURA: Vyote viwili, kaka. Joan alipofariki mwaka 1237, Llywelyn alimjengea nyumba ya watawa wa Kifransisko pale Llanfaes, kisiwani Anglesey. Hiyo siyo siasa peke yake.

BARAKA: Naye Llywelyn akafa 1240, Dafydd akatawala, huku kaka yake Gruffydd akiwa kifungoni mwake.

ZUHURA: Na safari hii aliyekwenda kwa Henry ni Senana, mke wa Gruffydd. Mwaka 1241 alimwahidi mfalme maki 600, fedha za wakati ule, ili mumewe atolewe. Henry akamshinda Dafydd, akamchukua Gruffydd, akamfungia kwenye Mnara wa London. Kipindi kijacho tunaanzia kwa Senana.