Shingo Ndiyo Inayofundisha: Mhadhara Kuhusu Kabali ya Nyuma

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wa mkekani, habari za jioni. Ahsanteni kwa kunipa saa nzima, maana nimekuja kuzungumza juu ya kitu kimoja tu: kabali ya nyuma. Ni ile unayoipiga ukiwa mgongoni kwa mtu, mkono mmoja umemzunguka shingo, wa pili uko nyuma ya kichwa chake. Kiswahili kinaijua siku nyingi. Wapo wanaoiita roba, wapo wanaoiita ngeta, na majina hayo mawili yananuka kuviziwa gizani. Kwenye jujitsu ya Kibrazili, mchezo wa kukamatana na kukabana chini mkekani, mkono ni ule ule, lakini waliomo ndani yake ni watu wawili waliokubaliana, na mmoja akigonga kwa mkono kuonyesha amesalimu, mwingine anaachia. Naomba hilo mlishike, nitalirudia baadaye.

Wajapani wa judo huiita hadaka-jime, kabali tupu, kwa kuwa haihitaji kushika nguo ya mpinzani. Wabrazili wakaipa jina la mata leão, yaani muua simba. Safari yake kutoka huku kwenda kule ni fupi kuieleza: Jigoro Kano alianzisha Kodokan, shule ya judo, mwaka 1882, mmoja wa wanafunzi wa shule hiyo, Mitsuyo Maeda, akafika Brazil mwaka 1914, na kwake ndiko Carlos Gracie, mmoja wa waasisi wa jujitsu ya Kibrazili, alikojifunza. Kisha tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver, Royce Gracie, wa ukoo huo huo, akamaliza fainali ya UFC ya kwanza, mashindano ya kupigana kwa mitindo mchanganyiko, kwa kumpiga Gerard Gordeau kabali hii hii. Royce alikuwa na kilo kama 80 tu. Anayetazama picha za usiku ule huuliza, nguvu zile zilitoka wapi? Mimi nasema swali lenyewe limeanzia pabaya, na kwa mwaka mzima wa kwanza nililiuliza kila siku.

Wekeni vidole viwili shingoni, pembeni ya koromeo, chini ya taya. Upande mmoja tu, tafadhali, msibonyeze pande zote mbili. Mnasikia mapigo? Huo ni mshipa wa karotidi, na upande wa pili uko mwenzake. Hiyo miwili ndiyo inayopeleka sehemu kubwa ya damu kwenye ubongo. Ubongo una kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, ila unakula kama asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna ghala la kuiweka akiba. Ndiyo maana mishipa hiyo miwili ikibanwa sawasawa kwa pamoja, mtu hupoteza fahamu, kwa kawaida ndani ya sekunde kumi hivi. Aliyezibwa pumzi peke yake anaweza kuhangaika muda mrefu zaidi ya huo, tena kwa maumivu, na koromeo lake linaweza kuumia. Kwa hiyo mkono wetu hauna kazi na koo. Kazi yake iko pembeni.

Dada, sogea hapa mbele tuwaonyeshe. Keti, nipe mgongo.

Tazameni mkono wangu wa kulia. Mkunjo wa kiwiko uko chini kabisa ya kidevu chake. Kigasha kimelala upande mmoja wa shingo, na msuli huu unaovimba nikikunja mkono umelala upande wa pili. Mkono umekuwa herufi V, na koromeo liko kwenye pembe yake, mahali penye nafasi. Sasa naongea naye, naye ananijibu. Dada, unapumua vizuri? Mmemsikia. Anapumua, anaongea, na nikimalizia sasa hivi atapoteza fahamu. Kiwiko kikihama kikaelekea begani kwake, mfupa wa kigasha unamkandamiza koo, atakohoa, atagonga kwa maumivu, na mimi nitadhani nimefaulu.

Hapo ndipo nilipokwama. Nilikuwa nafika mgongoni kwa mtu, natupa mkono shingoni, nafumba macho na kuminya. Baada ya nusu dakika mikono yangu imekufa ganzi, mwenzangu ametulia tu, anangoja. Siku moja nilipangiwa kufanya mazoezi na mama mmoja ambaye uzito wake haukufika hata theluthi mbili ya wangu. Alinipita, akafika mgongoni, na wala hakuharakisha. Nilihisi kifua chake kimenigandia, kisha mkono ukateleza taratibu chini ya kidevu kama mtu anayekufunga skafu. Sikuhisi nguvu yoyote. Nikawa nasubiri aminye ndipo nijitetee. Kwenye kusubiri huko masikio yakaanza kuvuma na mwanga ukaanza kupungua pembeni mwa macho. Niligonga haraka. Nikamwuliza ulianza kuminya saa ngapi, akasema, "Nilikuwa bado, ndugu yangu. Nilikuwa naondoa nafasi."

Kuondoa nafasi. Sijapata maelezo ya kabali yaliyo bora kuliko hayo.

Sasa nafasi huondolewa wapi? Huanzia mbali na shingo. Huanzia kiunoni na kifuani. Ukishafika mgongoni, nyayo zako mbili ziwe kulabu ndani ya mapaja yake, na usizipishanishe mbele, kwa sababu ukizipishanisha umempa kifundo cha mguu bure akikunje. Mkono mmoja upite juu ya bega lake, wa pili chini ya kwapa, vikutane kifuani kama mkanda wa gari. Kifua chako na mgongo wake pasipite hata kiganja. Mtu wa namna hiyo akigeuka, mnageuka wote. Akianguka upande, mimi napendelea tuangukie upande wa mkono unaokaba, kwa kuwa upande wa pili humpa njia nyepesi ya kuliteremsha bega lake mkekani na kuuficha mgongo. Waliotangulia husema mahali kwanza, kabali baadaye. Marcelo Garcia, bingwa wa mchezo huu, alimkaba Vitor Ribeiro kwa nyuma ndani ya sekunde chache kwenye ADCC, mashindano makubwa ya kukamatana, ya mwaka 2003, na wengi hukumbuka kasi ile tu. Mimi nawaomba mrudie picha zile mkitazama kifua chake na miguu yake. Mgongo ulikuwa umeshakamatwa.

Kisha vinaanza vita vya mikono, na hapa ndipo kabali nyingi hufia. Anayekabwa kwa akili hatumii mikono miwili kupambana na mikono yako miwili. Anatumia yake miwili dhidi ya mmoja wako, ule unaotaka kupita shingoni. Anaushika kwenye kiganja, anauvuta chini kifuani kwake, na kidevu anakibana. Mwanafunzi mchanga akiona hivyo huongeza nguvu. Ongeza subira. Mkono wako ulio huru una kazi ya kuondoa mkono mmoja wa kwake, kuubana chini, na ikiwezekana kuukabidhi kwa mguu wako ushikwe huko. Ukishamnyang'anya mkono mmoja, amebaki na mmoja dhidi ya miwili, na hesabu hiyo haimfai. Na kidevu je? Yapo mengi ya kufanya, likiwemo la kuutelezesha mkono kuanzia chini ya sikio badala ya kuja nao mbele akiuona. Kusaga taya la mwenzako ili afungue si mojawapo ninalolifundisha. Taya litauma, atagonga, na wewe hujajifunza kabali.

Mkono ukishapita, kiganja kifike begani kwake upande wa pili, kisha kidake msuli wa mkono wako mwingine. Huo mwingine unakunjika kwenda nyuma ya kichwa chake, kiganja kikikutazama wewe, kama mtu anayejichana nywele. Kichwa chako kigusane na chake, asipate mwanya wa kuung'oa mkono ule. Halafu viwiko vishuke na kukaribiana, kifua kifunguke, mabega yarudi nyuma. Kinachokaza ni mgongo na kifua. Mikono imefunga tu, kama kamba iliyokwisha kufungwa fundo. Ahsante, dada, pumzika kidogo.

Nikifundisha sehemu hii, simwulizi anayekaba kama amepata. Yeye hajui. Anahisi misuli yake mwenyewe, na misuli iliyochoka humdanganya kwamba inafanya kazi. Namwuliza anayekabwa. Yeye ndiye mwenye shingo, na shingo inajua kila kitu: kwamba kushoto pamebana na kulia hakuna kitu, kwamba mfupa umegusa koo, kwamba kiwiko kimehama upana wa kidole na kabali yote imekufa. Anayekabwa anasema, anayekaba anarekebisha, polepole, bila kuminya. Mnaweza kukaa dakika kumi hivyo, na mtajifunza zaidi ya miezi ya kushindana. Nimeona watu wenye mkanda mweupe, yaani wanaoanza, wakiipata kabali safi kwa njia hii kabla hawajajua kuipita miguu ya mtu aliyelala chali akijilinda nayo. Na nimeona wenye nguvu za ng'ombe wakikaa miaka bila kuipata, kwa sababu wenzao walikuwa wakigonga kwa maumivu ya taya na hakuna aliyewaambia.

Ndiyo maana nasema kugonga ni sehemu ya somo. Anayegonga amekupa habari. Amekwambia, hapo hapo, pamefika. Anayekataa kugonga kwa kiburi amekunyima habari hiyo, na amejinyima yeye mwenyewe usalama. Kumbukeni zile sekunde: ni chache, na akili huanza kufifia kabla hazijaisha, kwa hiyo mtu hujiona bado yuko sawa kumbe hayuko. Gongeni mapema. Gonga mwilini kwa mwenzako ahisi, usigonge hewani. Mikono ikiwa imefungwa, gonga kwa mguu, au sema kwa sauti.

Na wewe unayekaba, usimwachie mwenzako jukumu lote. Ukihisi mwili umelegea, ukasikia mkoromo, mkono uliokuwa unavuta umeanguka, achia hapo hapo. Usingoje kugongewa, usingoje mwalimu. Kwa kawaida fahamu hurudi haraka. Mlaze, hakikisha anapumua, kaa naye, na mazoezi yake ya siku hiyo yameisha. Asipoamka upesi, au akiamka na maumivu makali ya shingo au ya kichwa, maneno yanatatanika, upande mmoja wa mwili umelegea, apelekwe hospitali bila kungoja kesho. Ni nadra, lakini madaktari wameshaeleza visa vya mishipa ya shingo kuchanika ndani baada ya kabali, na dalili zake zinaweza kuchelewa. Mwenye historia ya kiharusi au ugonjwa wa mishipa amwone daktari kabla hajampa mtu shingo yake. Kumpotezesha mtu fahamu makusudi ili kuonyesha kwamba kabali inafanya kazi, nimeshaona ikifanywa mbele ya darasa zima, na naichukia. Hakuna aliyejifunza chochote siku ile isipokuwa yule kijana, aliyejifunza kutokumwamini mwalimu wake.

Basi, tusiongee sana. Tafuteni wenza, mkae wawili wawili, mtu wa nyuma na mtu wa mbele. Wekeni mkono mahali pake kama mlivyoona, kiwiko chini ya kidevu, na msiminye. Mtu wa nyuma anyamaze kabisa. Wa mbele fumba macho, sikiliza shingo yako, umwambie mwenzako nafasi imebaki upande gani. Nitapita kwa kila wawili, na nitakuwa nawauliza ninyi wa mbele.